Kujiuza kwa Noti Tatu

Kanda yenyewe niliachiwa na Mjerumani mmoja mnene, mwenye ndevu nyekundu, aliyekaa meza ya mbele kila usiku kwa wiki mbili, akiagiza Tusker baridi na kuomba wimbo uleule ambao hatukuujua. Ilikuwa Desemba 1981. Nilikuwa na miaka 19, mwezi wangu wa nne katika bendi ya hoteli moja ya Bamburi, kaskazini mwa Mombasa. Besi niliyopiga haikuwa yangu. Ilikuwa mali ya bendi, shingo yake imefungwa kwa utepe mweusi wa fundi umeme, na waya zake zilikuwa kuukuu hivi kwamba zikilia unasikia mtu anayeongea na ugali mdomoni.

Usiku wake wa mwisho Mjerumani alitoa kaseti mfukoni akaiweka juu ya spika. Kiingereza chake na changu vilikuwa vibovu sawasawa, kwa hiyo tulielewana vizuri. Alisema albamu ile ilirekodiwa mjini kwao, Munich, na alivyojigamba ungedhani yeye ndiye aliyekuwa akiwapikia wanamuziki chakula. Bendi iliitwa Queen. Albamu iliitwa The Game. Wimbo aliokuwa akiuomba ni wa tatu upande wa kwanza, na mzigo wote wa wimbo ule, aliniambia huku akinigonga kifuani kwa kidole, umebebwa na mtu wa besi.

Kijana wa miaka 19 haambiwi hivyo mara mbili.

Kiongozi wetu tulimwita Mjomba. Hakuwa mjomba wa damu wa yeyote kati yetu. Alikuwa mtu mzima aliyetulea kazini, na pwani mtu wa namna hiyo humpi jina jingine. Alipiga saksafoni. Alizaliwa Unguja, akaondoka mwaka 1964 na sanduku moja, akapigia bendi za Dar es Salaam miaka kadhaa kabla ya kuhamia Mombasa. Alikuwa na nadharia yake ya muziki, na nadharia nzima ilikaa ndani ya neno moja: kujiuza. Bendi ikishatoa wimbo ambao mtu yeyote anaweza kuuimba huku anaoga, alisema, bendi hiyo imejiuza, na haina haja ya kusikilizwa tena.

Na sisi je, Mjomba? tulimuuliza. Sisi tunaovaa mashati ya kitenge yanayofanana kama watoto wa kituo? Tunaopiga "Malaika" mara mbili kila usiku kwa watalii waliobabuka kwa jua, na Boney M. kila Mjerumani akiinua kidole?

Alifuta mdomo wa saksafoni kwa leso, polepole, kama kawaida yake akitafuta neno. "Sisi hatujajiuza, wanangu. Tumejikodisha. Ikifika saa tano usiku unarudishiwa nafsi yako, unaenda nayo nyumbani."

Tulicheka sana. Nilidhani ni mzaha.

Queen, Mjomba aliwajua na kuwaheshimu. Alikuwa na santuri yao yenye "Bohemian Rhapsody" ya mwaka 1975, wimbo wa karibu dakika sita usio na kiitikio, unaoanza kwa sauti tupu za waimbaji, ukatulia kwenye piano, ukapita katika vichekesho vya opera, ukaishia kwenye magitaa yanayonguruma. Hao, alisema, ni watu wasiomwogopa msikilizaji. Tena majalada ya albamu zao kadhaa za miaka ya 1970 yalitangaza kwa kiburi kwamba hakuna sinthesaiza humu: kila sauti ya ajabu unayoisikia imetoka kwenye gitaa au kooni mwa mtu. Jambo hilo lilimfurahisha mno, kwa sababu kinanda cha umeme kilikuwa kimeanza kuwafukuza wapuliza tarumbeta na saksafoni kwenye bendi za mahoteli, mmoja baada ya mwingine.

Basi nilipoitia kaseti ya Mjerumani kwenye redio yetu kabla ya mazoezi, Mjomba alivuta kiti akae vizuri. Sauti ya kwanza kabisa ya The Game, kabla ya piano, kabla ya neno lolote kuimbwa, ni sinthesaiza. Inateremka kama ndege ya kivita. Mjomba alinyoosha mkono, akabonyeza kitufe, kimya.

"Hawa wamekwisha," alisema. "Wamejiuza."

Nilikwenda nayo nyumbani Kisauni. Mama alikuwa na redio kaseti ya betri, na betri hazikuwa za mchezo, kwa hiyo kurudisha kanda nyuma nilikuwa nikiizungusha kwa kalamu ya Bic. Wimbo wa tatu unaitwa "Another One Bites the Dust", na aliyeutunga ni John Deacon, mpiga besi, mtu mpole kuliko wote wanne, msomi wa elektroniki aliyeingia Queen mwaka 1971, akiwa wa mwisho kujiunga. Nilitaka kuushika kabla ya Ijumaa. Niliushika siku hiyohiyo, kabla ya magharibi. Nikakasirika. Ule mdundo mkuu una noti tatu tu, na zote zinapigwa kwenye waya mmoja, ule mnene wa juu. Mtoto anaweza. Nikaanza kuamini kwamba Mjomba amesema kweli: hivi ndivyo watu wanavyouza jina lao, kwa noti tatu.

Kisha tukaujaribu mazoezini, nyuma ya jiko la hoteli, Mjomba akiwa hajafika. Ulikuwa wimbo mwingine kabisa, tena mbaya. Noti zilikuwa sahihi, mwendo ulikuwa sahihi, lakini kile kitu kinachokufanya usogeze shingo bila kupenda hakikuwepo. Tuliurudia mara kumi. Mpiga drams wetu akasema labda ni spika.

Ilinichukua miezi mitatu kuelewa, na nilielewa usiku nikiwa nimelala, betri zikiwa zimekaribia kufa na kanda inaburuta. Ilipopunguza kasi ndipo nilipoyasikia mashimo. Deacon anapiga noti, kisha anaikata. Haiachi ilie mpaka ife yenyewe, anaifinya koo. Kati ya noti na noti pana nafasi tupu, na katika nafasi ile hakuna mtu mwingine anayeingia. Sisi kila penye tundu tulilijaza: mtu wa ridhimu alikwaruza, mtu wa drams alitia visahani, mtu wa kinanda alishikilia kodi nzima kama anayeogopa paa litaanguka. Tulikuwa watano na hakuna aliyekubali kunyamaza.

Nilipata kusoma habari za kutengenezwa kwa wimbo ule miaka mingi baadaye, na nikaona kwamba hata wao haikuwa rahisi kunyamaza. Studio ya Munich iliitwa Musicland, nayo ilikuwa chini ya ardhi, katika jengo refu lenye hoteli, mali aliyoianzisha Giorgio Moroder, yule bwana wa disko. (Kwa hiyo hata wao walikuwa bendi ya hoteli. Nilimweleza Mjomba hilo; hakucheka.) Roger Taylor, mpiga drams, ambaye kwa kawaida hupenda ngoma zake ziungurume kama jabali linaloporomoka, aliambiwa azizibe kwa blanketi mpaka zilie kavu, dup, dup, kama mtu anayegonga meza. Hakuupenda wimbo huo mwanzoni, na amesema hivyo mwenyewe. Brian May, ambaye gitaa lake alilitengeneza na baba yake nyumbani kwa mbao za sehemu ya moto wa zamani, gitaa linalojulikana dunia nzima kwa mngurumo wake, hapa anapita kwa vipande vidogo vidogo tu, na kwingi hayupo. Aliyeukumbatia tangu mwanzo ni mwimbaji, Freddie Mercury. Kwa simulizi ya May, aliimba mpaka koo likamtoka damu.

Deacon hakuutoa wimbo hewani. Mwaka 1979 kundi la Chic la New York lilivuma na "Good Times", na mpiga besi wao Bernard Edwards ndiye aliyekuwa akiwafundisha wapiga besi wote wa zama zile bila kuwatoza ada. Deacon aliwahi kukaa nao studio. Ukiusikiliza wimbo wake baada ya ule wa Chic unasikia ukoo: mwanzo wa noti zilezile zinazogongwa mahali pamoja, halafu safari fupi, halafu kurudi. Lakini Edwards ni mtu wa maneno mengi matamu. Deacon alichukua salamu tu, akaacha hadithi.

Wenyewe Queen hawakuona kwamba wana dhahabu mkononi. Wamesimulia kwamba Michael Jackson ndiye aliyewajia nyuma ya jukwaa Los Angeles akawaambia: utoeni huo, ndio wimbo wenu. Stesheni za Wamarekani weusi zilikuwa zimeshaanza kuupiga, na kuna wasikilizaji walioamini kwamba Queen ni bendi ya watu weusi. Ulitoka Agosti 1980, na Oktoba ukakaa namba moja Marekani kwa wiki tatu. Albamu yenyewe, iliyotoka 30 Juni 1980, ilikuwa ya kwanza ya Queen kushika namba moja huko. Freddie akiwa hai, hawakuipata tena nafasi hiyo Marekani.

Nikimaliza habari za wimbo huo, niongeze moja inayonichekesha. Mwendo wake ni mapigo kama 110 kwa dakika, na wakufunzi wa huduma ya kwanza wameutumia kuwazoesha watu kukandamiza kifua cha mtu ambaye moyo umesimama, kwa kuwa kasi inayotakiwa ni kati ya 100 na 120. Wimbo kuhusu watu wanaoanguka mmoja baada ya mwingine, na sasa unawainua.

Wimbo mwingine wa albamu ile uliofika namba moja Marekani ulitangulia kutoka, mwishoni mwa 1979: "Crazy Little Thing Called Love". Huu ndio uliopaswa kumuua Mjomba, kwa sababu Freddie aliutunga bafuni. Simfanyii mzaha marehemu. Alikuwa kwenye beseni la kuogea katika hoteli ya Bayerischer Hof, Munich, akaitisha gitaa, akautunga kwa muda ambao mwenyewe aliutaja kuwa dakika tano au kumi. Piano aliijua sana. Gitaa alikuwa mwanafunzi wa kodi chache, na alieleza kwamba uchache huo ndio uliomsaidia, maana hakuwa na pa kupotelea. Mack, mhandisi wa Kijerumani aliyerekodi albamu, amesimulia jinsi Freddie alivyowahimiza wamalize haraka kabla Brian hajafika studio, asije akaurefusha. May alipofika ilibidi aliweke kando gitaa lake mashuhuri na kupiga Fender ya kuazima, kwa kuwa wimbo ulidai sauti nyembamba ya rock 'n' roll ya miaka ya 1950.

Fikiria mwanamuziki huyo. Chombo alichokitengeneza utotoni na baba yake, kilichomjengea jina, anaombwa akiache mlangoni kama viatu vya msikitini, tena kwenye wimbo uliotungwa na mtu asiyejua gitaa. Na anakubali. Nimekaa kwenye bendi miaka 26, nimeona bendi zikivunjika kwa mambo madogo kuliko hilo: nani asimame katikati, solo ya nani imefupishwa. Sisemi hawakugombana, Queen walijulikana kwa ugomvi, hasa wa nani wimbo wake uingie. Ila katika nyimbo kumi za The Game, May ana tatu, Mercury tatu, Deacon mbili, Taylor mbili. Kila mmoja alimpisha mwenzake na kila mmoja akapata zamu. Hiyo si biashara ya watu waliojiuza. Mtu aliyejiuza anaharakisha kurudia kilichonunuliwa jana.

Na walirudia kweli. Mei 1982 walitoa Hot Space, wakilifuata disko mpaka chumbani. Sina chuki na albamu hiyo. Ina "Under Pressure" waliouimba na David Bowie, na huo peke yake unatosha kumsamehe mtu mengi. Lakini kama mpiga besi siwezi kusahau kwamba kwenye nyimbo kadhaa besi ya waya imekaa pembeni, besi ya kinanda ikashika nafasi yake. Kile kilichowapa ushindi wa 1980 ndicho walichokifuta. Walikuwa wameona matokeo, wakayakopi matokeo. Marekani haikufika hata ishirini bora.

Najua ugonjwa huo kwa sababu niliugua mwaka uliofuata.

Mwaka 1983 tulikuwa tumeushika wimbo wa Deacon barabara. Tulikuwa tukiupiga kila usiku saa tatu na nusu, na Wajerumani walipanda juu ya viti. Mjomba aliuvumilia, alikwenda kuvuta sigara ufukweni dakika hizo tatu na nusu. Mzalishaji mmoja wa Nairobi, aliyekuja likizo, akatusikia, akatuita tukarekodi kaseti. Tulipanda basi la usiku na vyombo magotini. Tulikuwa na wimbo mmoja wetu hasa, utunzi wa Mjomba, wenye mwendo wa chakacha, saksafoni ikijibizana na chapuo kama wanawake wawili wanaosemana kupitia dirishani. Tukiupiga kwenye harusi Majengo, kina mama hawakai.

Mzalishaji aliusikiliza mara moja. Akasema ni mzuri lakini hauuzi. Tutoe chapuo, tuweke ngoma ya mashine. Saksafoni ni ya kizamani, kinanda kichukue nafasi yake. Na wewe kijana wa besi, piga kama ule wa Queen.

Nilipiga kama ule wa Queen. Noti tatu, nikizikata vizuri, kwenye wimbo ambao haukuziomba. Mjomba alikaa kwenye benchi la nje, saksafoni ikiwa kwenye sanduku. Jioni ililetwa karatasi moja ya Kiingereza na shilingi 4,000 za watu watano. Karatasi ilisema tunaachia haki zote za nyimbo hizo, milele. Mjomba ndiye aliyesoma, na ndiye aliyetia sahihi. Alikuwa na watoto watatu shuleni na karo ya muhula imepita siku yake. Tuliporudi kwenye basi, mahali fulani baada ya Mtito Andei, aliniambia bila kugeuza uso kutoka dirishani: "Leo si kodi, mwanangu. Leo nimeuza."

Kaseti haikuuza. Mwaka 1988, ndani ya matatu ya kwenda Ukunda, niliisikia chakacha yetu iliyokatwa miguu ikilia kutoka kwenye spika ya nyuma. Nilimwomba utingo anionyeshe jalada. Jina la bendi halikuwa letu.

Watu husema chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Sisi wanamuziki tumeigeuza methali hiyo kichwa chini: tukisikia kitu kimejiuza, tunakidhania kibaya. Mimi mwenyewe nilikaa na imani hiyo mpaka Mjomba, mwenye imani, aliponisahihisha, na hakunisahihisha kwa habari ya albamu yoyote.

Oktoba 1984 Queen walikwenda Sun City. Kwa vijana wa leo nieleze: Sun City ni mahali pa anasa na kamari palipojengwa Bophuthatswana, kimojawapo cha vile "vinchi" ambavyo serikali ya makaburu ilivibuni ili kuwavua Waafrika uraia wa nchi yao. Umoja wa Mataifa ulikuwa umekwisha kuwataka wasanii wa dunia waisusie Afrika Kusini. Queen walikwenda, wakapiga, wakalipwa. Chama cha wanamuziki cha Uingereza kiliwatoza faini, na majina yao yakaingia kwenye orodha ya Umoja wa Mataifa ya waliovunja mgomo. Walijitetea kwamba wao si watu wa siasa na kwamba muziki ni wa kila mtu.

Habari ilitufikia kwa redio, kwa kuchelewa. Usiku ule, saa tatu na nusu, nilianza zile noti tatu kama kawaida. Mjomba aligeuka akaweka kiganja juu ya shingo ya besi yangu. Sauti ilikatika kuliko Deacon alivyowahi kuikata.

Tuligombana nyuma ya jiko, mimi nikiwa na heshima ya kutosha kutopaza sauti na hasira ya kutosha kutonyamaza. Nilimwambia wimbo hauna kosa. Nilimwambia watalii wanautaka, meneja anautaka, na yeye mwenyewe alisema tumejikodisha, sasa mwenye nyumba anadai. Aliniacha niseme yote. Kisha akanihadithia kwamba Dar es Salaam aliishi jirani na wakimbizi wa Afrika Kusini, na mmoja wao, mpiga tarumbeta, alikuwa akija barazani kwake jioni wakapiga pamoja. Mtu yule hakuruhusiwa kwenda kumzika mama yake.

"Wimbo ni mzuri," Mjomba alisema. Ilikuwa mara ya kwanza nimsikie akikiri. "Nilikosea, mwanangu. Nilidhani mtu anajiuza kwa anachopiga. Tazama walipokwenda kusimama wakapiga."

Hatukuupiga tena. Meneja alikata posho yetu ya chakula cha usiku kwa mwezi mzima, na Mjomba hakulalamika. Hata Julai 1985, Queen walipomwagiwa sifa na dunia nzima kwa zile dakika 20 za Wembley katika tamasha la kuchangia njaa ya Ethiopia, ambapo wimbo wa bafuni ulikuwa mmoja wa nyimbo zao, Mjomba hakulegea. Sikubaliani naye kwa yote. Nadhani mtu anaweza kukosa Oktoba na kufanya jema Julai, na vyote viwili vikabaki kweli. Lakini sikuwa mimi niliyeishi jirani na mpiga tarumbeta.

Freddie Mercury alifariki 24 Novemba 1991. Gazeti lilituambia jambo ambalo wengi wetu hatukulijua hata tulipokuwa tukiukopi muziki wake kila usiku: jina lake la kuzaliwa lilikuwa Farrokh Bulsara, mwana wa Kiparsi, aliyezaliwa Unguja 5 Septemba 1946. Baba yake alikuwa mtunza fedha katika Mahakama Kuu. Alisomeshwa bweni India, akarudi kisiwani akiwa kijana, na mwaka 1964, baada ya Mapinduzi, familia ikahamia Uingereza, kitongoji cha Feltham.

Nilimpelekea Mjomba gazeti. Alikuwa ameacha kupiga kwa ajili ya mapafu, anakaa barazani Kibokoni na kikombe cha kahawa tungu. Alisoma taratibu, kidole kikifuata mstari, akarudi mwanzo akasoma tena.

"Mtoto wa Unguja," alisema. Baada ya muda akaongeza: "Tuliondoka mwaka mmoja." Halafu, kwa hasira iliyonishtua: "Mtoto wa Unguja akaenda kuimba Sun City!"

Sikuwa na jibu. Alikunja gazeti akalikalia. Nilipoaga aliniuliza kama ile kanda ya Mjerumani ninayo bado. Nilimletea kesho yake, na redio. Safari hii hakuizima sinthesaiza ilipoteremka. Alisikiliza upande wa kwanza wote, macho amefumba, na ulipoisha alisema neno moja tu kuhusu muziki, na halikumhusu mtoto wa Unguja.

"Huyo wa besi," alisema, "anajua kunyamaza."

Kanda bado ninayo, ila wimbo wa tatu umekwaruzika kwa kurudishwa kwa kalamu na sasa unalia kama unatoka chini ya maji, kwa hiyo nasikiliza kwenye simu kama watu wengine. Siku hizi The Game naiweka juu ya A Night at the Opera, na niko tayari kubishana na yeyote kuhusu hilo. Ukiitafuta, anza upande wa kwanza na usiuruke wimbo wa pili, "Dragon Attack". Wapenzi wa gitaa walipolia kwamba mpiga gitaa wao amepokonywa albamu, walisahau kusoma jina la mtunzi: ni Brian May, na mahali fulani katikati anaacha kila kitu kisimame ili besi ya Deacon ipite peke yake.